Makao Makuu ya Udada: Nyumba, Rangi na Desturi za Vyama vya Wanawake Weusi wa Marekani

Vyama vya udada, ambavyo Wamarekani huviita sororiti, ni jumuiya za wanawake zinazoanzia vyuoni, ambamo mwanafunzi hukaribishwa kwa kiapo, hukabidhiwa rangi na alama, kisha huhesabiwa kuwa dada wa wanachama wenzake hata pale ambapo hawajapata kuonana. Majina ya vyama hivi huundwa kwa herufi mbili au tatu za Kigiriki, kwa kufuata mfano wa vyama vya wavulana vilivyoanza katika vyuo vya Marekani tangu mwaka 1776, wakati Kigiriki na Kilatini vilipokuwa ndiyo alama za kisomo. Miongoni mwa vyama vya mwanzo vya wanawake ni Kappa Alpha Theta, kilichoanzishwa mwaka 1870 katika mji wa Greencastle, jimbo la Indiana, na Alpha Phi, kilichoanzishwa mwaka 1872 huko Syracuse, jimbo la New York, ambacho mwaka 1886 kilijenga nyumba yake chenyewe kwa ajili ya wanachama kuishi. Katika vyama hivyo vya wanawake weupe, nyumba ilikuja mapema, kwa sababu wasichana walikuwa wachache vyuoni na malazi yao yalikuwa tatizo la kila siku. Wanawake weusi hawakukaribishwa humo, ama kwa vifungu vya katiba za vyama, ama kwa mazoea ambayo hayakuhitaji kuandikwa.

Historia inayoelezwa hapa ni ya vyama vitatu vilivyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, navyo ni Alpha Kappa Alpha cha mwaka 1908, Delta Sigma Theta cha mwaka 1913 na Zeta Phi Beta cha mwaka 1920. Kwa vyama hivi mpangilio ulikuwa kinyume kabisa: desturi zilitangulia, zikakomaa na kuenea katika majimbo mengi, na nyumba ya makao makuu ikapatikana baada ya takribani miaka 40. Kuchelewa huko hakukutokana na uzembe wa wanawake hao. Kulitokana na sheria na mazoea ya ubaguzi yaliyoamua ni nani anayeweza kununua nyumba na mahali gani, na ndiyo maana majengo yao ya leo, ambayo mpita njia angeweza kuyadhania kuwa ofisi za kawaida, yanastahili kusomwa kama sehemu ya historia ya haki za raia nchini Marekani.

Chuo Kikuu cha Howard kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, nacho kikawa ngome kuu ya elimu ya juu ya Wamarekani weusi. Wanafunzi wa kike walilala katika bweni lililoitwa Miner Hall, na ni humo ambamo Ethel Hedgeman, msichana aliyetoka St. Louis, aliwakusanya wenzake wanane mnamo Januari 1908, wakaunda chama cha kwanza cha udada cha wanawake weusi chenye jina la Kigiriki. Beulah Burke, mmoja wa hao tisa, anakumbukwa kwa kusaidia kuchagua jina na rangi, ambazo ni waridi la samoni na kijani cha tufaha, na alama ya chama ikawa jani la aivi, mmea utambaao ukutani ambao haupukutishi majani hata wakati wa baridi kali. Mwezi uliofuata waliongezwa wanafunzi saba wa mwaka wa pili, na baadaye wakahesabiwa wengine wanne waliofanya kazi ya kukipatia chama usajili wa kisheria, hivyo orodha ya waasisi ikafikia majina 20. Idadi hiyo haikuachwa katika vitabu peke yake, kwani beji ya chama imezungushiwa lulu 20, lulu moja kwa kila mwasisi, na mwanachama anayevaa mkufu wa lulu hadharani huwa amebeba orodha hiyo shingoni.

Mwaka 1912 kulizuka hitilafu ambayo matokeo yake yanaonekana hadi leo katika ramani ya Washington. Wanachama waliokuwa bado masomoni walitaka kubadilisha jina, rangi na alama, na zaidi ya hayo walitaka chama kijishughulishe waziwazi na siasa za wakati ule, hasa madai ya wanawake kupiga kura. Nellie Quander, aliyekuwa ameongoza chama na kuhitimu, aliona kwamba kizazi kimoja cha wanafunzi hakina mamlaka ya kufuta kile ambacho wengine walikula kiapo kukilinda, naye akafanya haraka kukisajili kisheria tarehe 29 Januari 1913 ili kisiweze kubadilishwa tena kwa kura ya bweni moja. Wakati huo wanafunzi 22 walikwisha kujitenga, na tarehe 13 Januari 1913 walianzisha Delta Sigma Theta. Ni vigumu kumlaumu yeyote katika jambo hili, kwa kuwa upande mmoja ulitetea uendelevu na upande wa pili ulitetea uhuru wa kuanza upya, na bila mvutano huo pengine kusingekuwa na usajili wa kisheria wa mapema namna ile, wala chama cha pili chenye ari namna ile.

Delta hawakuchelewa kuonyesha walichokusudia. Tarehe 3 Machi 1913, siku moja kabla ya Rais Woodrow Wilson kuapishwa, walishiriki katika maandamano makubwa ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura katika barabara ya Pennsylvania, nayo yakawa kazi ya kwanza ya chama mbele ya umma. Waandaaji walipendelea wanawake weusi watembee nyuma ili wajumbe wa majimbo ya kusini wasikasirike, na ni siku hiyohiyo ambapo mwandishi Ida B. Wells alikataa agizo hilo na kujiunga na msafara wa jimbo lake la Illinois katikati ya njia. Mary Church Terrell, mwalimu na mpigania haki aliyekuwa mwanachama wa heshima wa Delta, ndiye aliyewaandikia kiapo chao mwaka 1914. Rangi zao zikawa nyekundu iliyoiva na maziwa, na ndovu akaingia katika mapambo yao kwa sababu mwasisi mmoja, Florence Letcher Toms, alikuwa na mazoea ya kukusanya sanamu za mnyama huyo.

Ua rasmi la Delta lina asili ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuijua, kwa sababu ni ua la nyumbani. Ni violeti ya Kiafrika, mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambao makazi yake ya asili ni misitu yenye unyevu ya Tanzania na Kenya, hasa milima ya Usambara, ambako huota penye kivuli juu ya miamba iliyofunikwa na kuvumwani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mbegu Ujerumani kwa baba yake, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa mmea huo jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Kutoka huko ulienea kama ua la madirishani katika nyumba za Ulaya na Marekani, hata wengi wanaoumwagilia maji kila asubuhi hawajui kwamba jamaa zake wa porini wamepungukiwa na makazi kutokana na misitu ya Usambara kukatwa. Wanasayansi wa miaka ya karibuni wameuhamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini jina la mazoea limebaki, na katika sherehe za udada wa Delta ua hilo la Usambara linaendelea kuwekwa mezani pamoja na sanamu za ndovu.

Zeta Phi Beta kilizaliwa tarehe 16 Januari 1920 kwa mikono ya wanawake watano, ambao wanachama huwaita Lulu Tano. Rangi zake ni buluu na nyeupe, alama yake ni njiwa, na kinatofautiana na vingine kwa kuunganishwa kikatiba na chama cha wanaume, Phi Beta Sigma, cha mwaka 1914. Mwandishi Zora Neale Hurston, aliyesoma Howard katika miaka hiyo, alikuwa mwanachama wake.

Ili kuelewa kwa nini makao makuu yalikuja kuwa jambo zito, ni lazima kwanza kuelewa tofauti ya msingi kati ya vyama hivi na vile vya weupe. Katika vyama vingi vya weupe, uhai wa udada ulikuwa chuoni, katika nyumba ya kulala, na mwanachama alipohitimu alibakiwa na kumbukumbu na barua za mwaka. Katika vyama vya Howard, uanachama ni wa maisha yote, na kazi kubwa hufanywa na matawi ya wahitimu yaliyo mijini, ambamo walimu, wauguzi, wanasheria na wake wa wachungaji hukutana kila mwezi, hulipa ada na kupanga miradi hadi uzeeni. Matawi yao ya vyuoni hayakuwa na nyumba kubwa za kulala. Kwa hiyo hapakuwa na mahali popote ambapo chama kizima, kilichotawanyika katika majimbo mengi, kingeweza kusema kwamba hapa ndipo petu.

Kwa miongo minne kumbukumbu za chama zilikaa majumbani mwa viongozi waliochaguliwa. Katibu mkuu alipobadilika, majalada, mihuri na orodha za wanachama vilihamia mji mwingine pamoja na cheo, na hazina ilitunzwa na mweka hazina popote alipoishi. Mikutano mikuu ilifanyika katika miji ambayo hoteli nzuri hazikumpokea mtu mweusi, na wajumbe walilala katika nyumba za wanachama wa mji huo au katika mabweni ya vyuo vya weusi, jambo ambalo liliwachosha wenyeji lakini lilizaa desturi ya ukarimu ambayo wanachama wazee walijivunia kuliko sherehe yoyote. Ni katika hali hiyo ya kutokuwa na paa ambapo kazi kadhaa kubwa mno za vyama hivi zilifanyika, na hili linafaa kusisitizwa kwa sababu wapo wanaodhani kwamba taasisi haianzi kazi mpaka ipate jengo.

Mfano mzuri ni mradi wa afya wa Alpha Kappa Alpha katika jimbo la Mississippi. Kuanzia mwaka 1935, chini ya uongozi wa daktari Dorothy Boulding Ferebee wa Washington, kundi la madaktari, wauguzi na walimu lilisafiri kila kiangazi kwa magari yao wenyewe kwenda kusini, ili kuwatibu wakulima weusi waliolima mashamba ya pamba kwa mfumo wa kugawana mavuno na mwenye ardhi, mfumo ambao kwa kawaida ulimwacha mkulima na deni. Wenye mashamba walipokataa kuwaruhusu watu wao waende kliniki, wanawake hao waliipeleka kliniki shambani, wakapanga vifaa vyao palepale, wakachanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo. Mwaka 1938 Norma Boyd, mmoja wa waasisi, alianzisha mjini Washington ofisi ya ushawishi iliyofuatilia miswada bungeni kwa niaba ya chama bila kuegemea upande wa chama chochote cha siasa. Delta nao, kuanzia mwaka 1937, waliendesha mradi wa maktaba uliopeleka vitabu katika maeneo ya vijijini ya kusini ambako mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia katika maktaba ya umma. Kazi zote hizi ziliongozwa kutoka mezani kwa mtu, baada ya saa za ajira yake.

Kikwazo cha kununua nyumba kilikuwa na jina la kisheria. Katika miji mingi ya Marekani, Washington na Chicago zikiwamo, hati za nyumba ziliandikwa mkataba wa ubaguzi wa makazi, yaani kifungu kilichomkataza mmiliki kuuza au kupangisha kwa mtu mweusi, na majirani waliweza kwenda mahakamani kumtoa aliyeingia. Huko Chicago, familia ya mwandishi wa tamthilia Lorraine Hansberry ilipigania haki ya kuishi katika nyumba iliyoinunua upande wa kusini wa mji hadi kesi yao ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1940, wakashinda kwa hoja ya utaratibu wa mashauri huku mikataba yenyewe ikibaki na nguvu. Mwaka 1948 Mahakama hiyo iliamua kwamba mahakama za nchi haziwezi kutumiwa kutekeleza mikataba ya namna hiyo, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer iliyotoka St. Louis na kesi nyingine iliyotoka Washington kwenyewe. Hukumu hiyo haikumaliza ubaguzi, kwani benki na madalali waliendelea kuutekeleza kwa njia za chinichini, lakini ilifungua mlango ambao vyama vyenye ada za maelfu ya wanachama viliweza kuupita. Hapa pana sababu ya kuamini kwamba haikuwa bahati tu kuona makao makuu ya kudumu yakipatikana katika miaka iliyofuata.

Alpha Kappa Alpha walikwenda Chicago. Uamuzi huo unaweza kumshangaza anayejua kwamba chama kilizaliwa Washington, lakini Chicago palikuwa na mizizi ya zamani, kwa kuwa tawi la pili la chama lilifunguliwa huko mwaka 1913, na uhamaji mkubwa wa watu weusi kutoka kusini uliufanya mji huo kuwa na magazeti, makampuni ya bima na makanisa makubwa ya weusi. Mwaka 1949 ofisi ya kitaifa ilifunguliwa na kukabidhiwa kwa Carey Maddox Preston, mkurugenzi mtendaji aliyeiongoza kwa takribani robo karne, na kwa miaka mingi anwani ya chama ilikuwa katika barabara ya Greenwood, upande uleule wa kusini ambao mikataba ya makazi ilikuwa imeugawanya kwa mistari ya rangi. Katika miaka ya 1980 makao makuu yalihamia jengo la barabara ya Stony Island namba 5656, mkabala na bustani ya Jackson. Bustani hiyo ndiyo iliyobeba Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893, ambayo waandaaji wake waliwatenga Wamarekani weusi kiasi kwamba Ida B. Wells aliandika na kugawa kijitabu cha kulalamikia jambo hilo katika viwanja hivyohivyo, na jengo moja lililosalia la maonyesho hayo, ambalo sasa ni makumbusho ya sayansi, lipo hatua chache kutoka mlango wa chama.

Delta walibaki Washington, na aliyesukuma jambo hilo alikuwa Dorothy Height, rais wa kitaifa kuanzia mwaka 1947 hadi 1956. Height alikuwa amelelewa kikazi na Mary McLeod Bethune, kiongozi wa Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, ambaye mwaka 1943 alifanikiwa kununua nyumba ya baraza hilo katika barabara ya Vermont kwa dola 15,500, dola 10,000 kati ya hizo zikiwa ni mchango wa tajiri Marshall Field. Somo ambalo Height alilipata hapo lilikuwa wazi: anayetaka kusikilizwa katika mji mkuu awe na anwani katika mji mkuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Delta walipata makao yao katika mtaa wa M, na mwaka 1953 wakamwajiri Patricia Roberts kuwa mkurugenzi mtendaji wa kwanza. Mwaka huohuo, tarehe 8 Juni, Mahakama ya Juu iliamua kwamba migahawa ya Washington haiwezi kumnyima mtu mweusi huduma, katika kesi iliyoanza pale Mary Church Terrell, mwandishi wa kiapo cha Delta, alipoingia katika mgahawa mmoja mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 86 na kukataliwa chakula. Kwa maneno mengine, wafanyakazi wa kwanza wa ofisi ile walihamia katika mji ambao hadi wakati huo mkahawa wa jirani ungeweza kuwafukuza wakati wa chakula cha mchana.

Patricia Roberts, ambaye baada ya ndoa aliitwa Patricia Roberts Harris, alishika kazi hiyo hadi mwaka 1959, akasomea sheria na kuhitimu wa kwanza katika darasa lake, akawa balozi nchini Luxembourg mwaka 1965, na mwaka 1977 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani, akiwa Waziri wa Nyumba na Maendeleo ya Miji. Marcia Fudge, rais wa kitaifa wa Delta kuanzia mwaka 1996 hadi 2000, alishika wizara hiyohiyo mwaka 2021. Wanaodai kwamba ofisi ya chama cha udada ni mahali pa kupanga karamu tu hawajaitazama orodha ya waliofanya kazi humo.

Zeta nao walipata nyumba yao mwishoni mwa miaka ya 1950, katika barabara ya New Hampshire namba 1734, na katika miaka ya 1970 Delta walihamia barabara hiyohiyo, namba 1707, hivyo vyama viwili vilivyozaliwa katika chuo kimoja vikawa majirani. Barabara hiyo ni mojawapo ya zile zinazoukata mji kimshazari kwa mujibu wa ramani iliyochorwa na Pierre L'Enfant mwaka 1791, nazo hupewa majina ya majimbo. Upande wake wa kusini hupita maeneo ya mzunguko wa Dupont, ambako matajiri weupe walijenga majumba ya fahari mwishoni mwa karne ya 19, na upande wa kaskazini hufika mtaa wa U, uliokuwa moyo wa maisha ya watu weusi wa Washington, wenye kumbi za muziki, maduka na hoteli ya Whitelaw iliyofunguliwa mwaka 1919 kwa fedha za watu weusi. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwafanya wengi wa matajiri wale wauze, majumba yakawa balozi, klabu na ofisi, na ni katika mabadiliko hayo ambapo nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watu wengine kabisa ziliweza kufika mikononi mwa binti za walimu na watumishi.

Kinachofanyika ndani ya majengo haya si cha kushangaza, na thamani yake ipo katika ukawaida huo. Humo hutunzwa daftari la wanachama, ambao vyama vya Alpha Kappa Alpha na Delta vinatangaza kuwa wamezidi 300,000 kwa kila kimoja, hupokelewa ada, husimamiwa ufadhili wa masomo, hulindwa haki ya kutumia jina na nembo, na hushughulikiwa mashauri ya nidhamu ya matawi. Wafanyakazi wa kuajiriwa hukaa, huku viongozi wa kuchaguliwa wakipita, na hilo ndilo badiliko kubwa lililoletwa na nyumba: kumbukumbu ziliacha kuhama. Hata hivyo si kila hazina imewekwa makao makuu. Sehemu kubwa ya nyaraka za Alpha Kappa Alpha imehifadhiwa katika kituo cha utafiti cha Moorland-Spingarn huko Howard, na katika uwanja wa chuo hicho Delta waliweka mwaka 1979 sanamu ya mwanamke iitwayo Ustahimilivu. Kwa wanachama wengi ziara ya Howard ina uzito wa hija, na ile ya makao makuu ina uzito wa kwenda kumwona mzee wa ukoo.

Desturi zenyewe zimekuwa na wakosoaji, na baadhi yao walikuwa na hoja. Mwanasosholojia E. Franklin Frazier, aliyekuwa profesa palepale Howard, aliandika katika miaka ya 1950 kitabu kilichowashutumu watu weusi wa tabaka la kati kwa kupoteza fedha katika karamu na mashindano ya hadhi, na vyama vya herufi za Kigiriki vilikuwa miongoni mwa mifano yake. Shutuma hiyo ilikuwa na ukweli kuhusu karamu, lakini haikuvitendea haki vyama vilivyokuwa vimevuka mashamba ya Mississippi na masanduku ya chanjo. Tatizo zito zaidi lilikuwa mateso ya kuwaingiza wanachama wapya, ambapo wasichana waliotaka kujiunga walipangwa katika mstari, wakanyimwa usingizi, wakatumwa na kudhalilishwa, na wakati mwingine wakapigwa. Baada ya majeruhi na vifo katika vyama vya wanafunzi nchini humo, viongozi wa vyama vilivyomo katika baraza la pamoja lililoundwa mwaka 1930 walikubaliana mwaka 1990 kupiga marufuku utaratibu huo na kuweka mwingine wa maombi, mafunzo na kiapo. Marufuku hayo yalikuwa ya lazima na yalichelewa, na ukatili wa siri haujaisha kabisa, jambo ambalo kila mwenye kuupenda udada huu anapaswa kulikemea bila kutafuta maneno laini.

Yaliyobaki ni desturi za furaha. Kila chama kina mwito wake wa sauti ambao mwanachama huutoa akimwona dada yake upande wa pili wa uwanja wa ndege, na kina ngoma ya miguu, ambamo wasichana husimama kwa mstari na kutoa mdundo kwa kupiga viganja, mapaja na visigino, mtindo uliokomaa vyuoni katika karne ya 20 na ambao watafiti wanauhusisha na michezo ya Kiafrika iliyohifadhiwa na vizazi vya utumwani. Tarakimu za mwaka wa kuanzishwa nazo zimekuwa alama. Mwaka 2020, Kamala Harris, aliyejiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa Howard mwaka 1986, alipoteuliwa kugombea umakamu wa rais, kumbukumbu za michango ya kampeni zilijaa malipo ya dola 19.08, yaliyotumwa na wanawake waliotaka ijulikane fedha hizo zimetoka wapi bila kulazimika kuandika neno.

Mikono ya vyama hivi imefika pia nje ya Marekani. Zeta kilifungua tawi barani Afrika mwaka 1948, na Delta walichangia ujenzi wa huduma za wazazi katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick huko Thika, Kenya, ambako fedha zilizokusanywa na matawi ya miji ya Marekani zilisaidia akina mama wa Kikenya kujifungua mahali salama. Alpha Kappa Alpha, kwa upande wao, walipata mwaka 2023 kibali cha serikali cha kuendesha chama cha ushirika cha akiba na mikopo kwa ajili ya wanachama, na tofauti na kila kitu walichokipigania katika karne iliyopita, ushirika huo hutoa huduma zake kwa njia ya simu na kompyuta, bila matawi ya kupokelea wateja.